Bushi Kwanza, Alaimenti Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuhudumia Saspensheni ya Gari Dogo

Madereva wengi wa Kisumu na maeneo ya jirani hukumbuka alaimenti, yaani upangaji wa mwelekeo na mlalo wa magurudumu, siku wanapoona tairi la mbele limelika ukingo mmoja hadi nyuzi zinachungulia. Hapo gari hupelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kompyuta, vipimo hurekebishwa, na dereva hulipa na kuondoka akiwa ameridhika. Baada ya miezi michache tairi jipya nalo huwa limelika vilevile. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara mbili kwa Probox niliyokuwa nikisafiria kati ya Ahero na Kisumu, na mara zote mbili karatasi ya mashine ilionyesha kwamba magurudumu yamenyooka. Yalikuwa yamenyooka kweli, lakini gari likiwa limesimama. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini, yaani kiungo cha mpira kati ya mkono unaoshikilia gurudumu na bodi, ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kila nilipokanyaga breki au kuingia shimoni gurudumu lilisukumwa nyuma na kubadili mwelekeo, na mashine ya alaimenti haipimi gari likiwa shimoni. Mpangilio wa mwongozo huu ni ule niliojifunza kwa hasara ya matairi manne: hewa ya matairi, ukaguzi, ukarabati, ukazaji wa bolti gari likiwa limekaa kwa uzito wake lenyewe, na alaimenti mwisho kabisa.

Hasara yenyewe inaweza kuhesabiwa. Gurudumu lililokengeuka digrii 1 kutoka mwelekeo wa safari huwa kana kwamba linaburutwa kando takriban mita 17 katika kila kilomita moja. Kosa likiwa nusu digrii tu, ambalo jicho haliwezi kuliona, safari moja ya Kisumu hadi Kakamega, yaani kilomita 50 hivi, ni sawa na kulisugua tairi hilo kwenye lami kwa zaidi ya mita 400.

Gari linavyobebwa

Magari madogo mengi ya huku, kama Probox, Fielder na Premio, yana saspensheni ya mbele ya aina ya MacPherson. Shokabzoba imo katikati ya springi ya kuzunguka. Kichwa chake kimefungwa kwenye bodi chini ya boneti kwa nati tatu hivi, na mguu wake umefungwa kwenye chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Chini yake kuna mkono wa chini, ambao mafundi huuita loa aamu, wenye bushi mbili za mpira upande wa bodi na bolijointi moja, kiungo cha duara kinachogeuka pande zote, upande wa gurudumu. Tairodi hutoka kwenye reki ya usukani na kuligeuza gurudumu, na stabilaiza, iliyounganishwa kwa linki fupi kila upande, huzuia gari kulala kwenye kona. Matatu za Hiace na pikapu nyingi ni tofauti kidogo: mbele zina mikono miwili, wa juu na wa chini, na nyuma zina springi za majani. Mengi ya yatakayoelezwa hapa yanazihusu pia, na palipo na tofauti nitaitaja.

Mpira na grisi ndivyo vinavyokufa kwanza katika mfumo huu. Kifuniko cha mpira cha bolijointi kikichanika, tope la ardhi nyeusi ya mbuga ya Kano huingia ndani wakati wa mvua za Machi hadi Mei, huchanganyika na grisi na kuwa kama unga wa kusagia. Kwa sababu hiyo napendelea kukagua saspensheni mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu na baada yake, pamoja na kila mara gari linapoingia shimo kwa kishindo, badala ya kungoja idadi fulani ya kilomita itimie.

Vifaa na usalama

Utahitaji jeki nzuri, stendi mbili za jeki, mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu, spana na soketi, mtaimbo mfupi, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, kipima hewa, futi ya utepe na spana ya kupimia mkazo, ile inayoonyesha nyutonimita. Hii ya mwisho ndiyo watu huiona ya anasa, nami naiona ya lazima, kwa maana bolti za saspensheni zikilegea gari hupoteza mwelekeo, na zikikazwa kupita kiasi huvutika na kukatika siku usiyoitarajia.

Fanya kazi juu ya saruji au ardhi ngumu iliyo sawa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali au mawe, hata kama kazi ni ya dakika mbili. Tofali la kuchomwa hupasuka ghafla bila kutoa dalili yoyote.

Ukaguzi

Anza asubuhi kabla gari halijatembea, matairi yakiwa baridi, kwa kupima hewa na kuisawazisha kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha yasome matairi yenyewe. Tairi lililolika kingo zote mbili limekuwa likitembea na hewa kidogo. Lililolika katikati lilijazwa kupita kiasi. Likilika ukingo mmoja tu, shuku kemba au tou, vipimo vya mlalo na mwelekeo wa gurudumu ambavyo nitavieleza baadaye. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi: ikiwa upande mmoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama msumeno, kosa ni la tou. Madoa ya kulika hapa na pale kuzunguka tairi huashiria shokabzoba iliyochoka au gurudumu lisilo na balansi.

Pima pia kimo cha gari. Ukiwa mahali palipo sawa, bila mizigo, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pande zote mbili. Tofauti ya zaidi ya sentimita 1 kati ya kushoto na kulia inakutaka uitazame springi kwa makini. Mara nyingi duara lake la mwisho huwa limevunjika ndani ya kikalio, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi.

Ukandamize kila pembe ya gari kwa nguvu, kisha uachilie. Bodi inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kuyumba juu na chini, shokabzoba imekwisha. Hata hivyo jaribio hili huwakamata wagonjwa mahututi tu, kwa hiyo itazame pia shokabzoba yenyewe. Unyevunyevu mwembamba wa mafuta karibu na sili si hoja, lakini mafuta yanayotiririka na kushika vumbi hadi chini yana maana kwamba haina kazi tena.

Sasa zuia magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele na uweke stendi chini ya sehemu imara za bodi. Lishike gurudumu juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo yenye kasoro; ukibaki, bolijointi ndiyo. Kisha lishike kushoto na kulia na ulitikise tena. Mchezo wa upande huu, ikiwa ule wa juu na chini haukuwepo, hutoka kwenye ncha ya tairodi au kwenye kiungo chake cha ndani, kile kinachofichwa na mpira wenye mikunjo. Weka vidole juu ya kiungo huku mwenzako akitikisa, nawe utakisikia kikigonga.

Bushi hazijitokezi kwa kutikisa gurudumu. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na bodi, usukume kwa nguvu ya kiasi, na utazame mpira. Mpira mzima hunyumbuka na kurudi. Uliokufa hufunguka mpasuko au hukiacha chuma cha katikati kigonge ukuta. Bushi ya nyuma ya mkono, iliyo kubwa zaidi katika magari mengi, ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopokea msukumo wa breki na wa matuta ya barabarani. Dereva ambaye gari lake huhama upande mmoja anapofunga breki, kisha likarudi anapoachilia, ana sababu ya kutosha ya kuanza hapo.

Mlio nao husaidia. Mgongano mdogo mkavu kwenye vishimo vidogo kwa kawaida ni wa linki ya stabilaiza. Mlio wa kukoroma unaobadilika gari linapopinda ni wa beringi. Ukigeuza usukani gari likiwa limesimama na ukasikia springi ikiruka kwa mshtuko, beringi ya kichwa cha shokabzoba imekwama.

Kubadilisha shokabzoba ya mbele

Badilisha mbili kwa pamoja, za ekseli moja, kwa sababu mpya na kuukuu hazitulii kwa kasi moja na gari litayumba kwenye breki. Ondoa gurudumu. Fungua kishikio cha paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga kwenye breki), kisha nati ya linki ya stabilaiza. Kabla ya kufungua bolti mbili zinazoshika mguu wa shokabzoba, chora mstari kwa rangi kuzunguka vichwa vyake, kwa sababu nafasi ndogo iliyomo kwenye matundu hayo hubadilisha kemba. Chuma cha kitovu kishikilie kwa waya. Usikiache kining'inie kwa paipu ya breki, wala usikivute mbali na gari, kwani ekseli inayozungusha gurudumu inaweza kuchomoka kwenye kiungo chake cha ndani.

Fungua nati tatu za juu. Nati ya katikati usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa wa uso, na kuna watu waliojeruhiwa vibaya kwa kuifungua haraka. Toa shokabzoba pamoja na springi yake, funga vibana springi viwili vikitazamana, na uvikaze kwa zamu, mizunguko michache upande huu na michache upande ule, hadi springi icheze ndani ya kikalio chake. Ni hapo tu nati ya katikati inapofunguliwa. Kubana springi kwa mnyororo au waya wa kufungia mizigo, jambo ninaloliona katika karakana nyingi za jua kali, halikubaliki hata kama fundi ana uzoefu wa miaka ishirini.

Kabla ya kuifunga shokabzoba mpya ya mafuta, isimamishe wima na uivute na kuikandamiza polepole mara tano au sita, ili hewa iliyokaa ndani wakati ilipolazwa dukani itoke kwenye chumba cha kazi. Kagua raba ya kichwa, beringi yake na raba ya kuzuia kishindo. Zikiwa zimechoka, zibadilishe sasa, kwa kuwa kazi ya kuzifikia umekwisha kuifanya. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ndani ya kikalio. Kaza nati ya katikati kabla ya kulegeza vibana.

Bushi na bolijointi

Bolijointi hung'ang'ania kwenye tundu lake lenye umbo la pia. Kifaa maalumu cha kuitenganisha ndicho bora. Usipokuwa nacho, legeza nati bila kuiondoa kabisa, kisha ligonge tundu lenyewe kutoka upande kwa nyundo nzito hadi liachie. Usigonge ncha ya skrubu yake, maana nati haitarudi tena. Pini ya kufungia isitumike mara ya pili, na nati yenye plastiki ya kujifunga ndani ibadilishwe kila inapofunguliwa.

Mkono ukishatoka, tazama bushi ilivyokaa kabla ya kuisukuma nje. Bushi nyingi za nyuma zina nafasi tupu ndani ya mpira, na nafasi hizo zina mwelekeo maalumu; chora alama kwenye mkono ili mpya ikae vivyo hivyo. Isukume kwa presi ya haidroliki au kwa jiliwa kubwa na vipande vya bomba vya kipimo kinachofaa, si kwa nyundo, kwani nyundo hulipinda ganda la bushi na kuulegeza mpira tangu siku ya kwanza. Tumia maji ya sabuni kulainisha. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini huula mpira wa bushi, ingawa wengi hupaka kwa nia njema.

Ikiwa mkono wenyewe umepinda, usinyooshwe kwa moto. Chuma kilichopashwa hadi kuwa chekundu hupoteza ugumu wake, na mkono huo ndio unaoshikilia gurudumu gari linaposhuka kutoka milima ya Nandi.

Kukaza bolti gari likiwa limesimama

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti yake kama bawaba ya mlango. Mpira umeshikamana na chuma cha ndani na cha nje. Bolti inapokazwa chuma cha ndani hubanwa kisisogee, na kutoka hapo mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaosokotwa. Fundi akikaza bolti hiyo gari likiwa juu ya stendi, mikono imening'inia, basi mpira utakuwa umepumzika katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, bushi itakaa imesokotwa saa zote, hata usiku gari likiwa limeegeshwa. Bushi iliyopaswa kudumu miaka hupasuka baada ya miezi, na lawama huangukia duka la vipuri.

Kwa hiyo funga bolti zote za bushi kwa mkono hadi ziguse tu. Rudisha magurudumu, shusha gari chini, likandamize mbele mara kadhaa, na ulisogeze mita chache mbele na nyuma ili saspensheni itulie. Kisha ingia chini, penye shimo la kukagulia au gari likiwa juu ya ngazi imara za kupandia magurudumu, ukaze kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji wa gari lako. Ikiwa huna njia ya kufika huko, weka jeki chini ya mkono, karibu na bolijointi, uinue hadi bodi ianze kunyanyuka kutoka kwenye stendi, kisha ukaze.

Nati za magurudumu zikazwe kwa mpangilio wa nyota. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutonimita 103.

Kupima tou nyumbani

Tou ni tofauti kati ya upana wa mbele na wa nyuma wa magurudumu mawili ya ekseli moja. Yakielekeana kidogo kwa mbele tunasema ni tou ya ndani, yakiachana ni tou ya nje. Kemba ni gurudumu kulalia ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kasta ni mlalo wa mhimili wa kugeukia, na ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona. Nyumbani unaweza kupima tou vizuri. Zile mbili ziachie mashine.

Inua magurudumu ya mbele, paka chaki kuzunguka katikati ya tairi, kisha zungusha gurudumu huku umeshikilia msumari uliotegemezwa kwenye kipande kizito cha mbao, ili uchore mstari mmoja mwembamba. Fanya hivyo pande zote mbili. Shusha gari, likandamize, lisukume mbele mita tatu au nne bila kulirudisha nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Pamoja na mwenzako, pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, kwa kimo cha kitovu, kisha upande wa nyuma kwa kimo hichohicho. Magari madogo mengi hutaka tofauti kati ya sifuri na milimita 2 au 3, mbele pakiwa pembamba kuliko nyuma. Fuata kipimo cha gari lako.

Kurekebisha, legeza nati ya kufungia kwenye tairodi na klipu ya mpira wenye mikunjo ili usijisokote, kisha zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa. Ukizungusha moja tu, usukani utakaa upande. Katika magari ambayo reki iko nyuma ya ekseli ya mbele, kurefusha tairodi huongeza tou ya ndani. Reki ikiwa mbele, matokeo ni kinyume. Baada ya kila badiliko lisukume gari tena kabla ya kupima.

Kwenye mashine

Hata ukipima nyumbani, baada ya kubadilisha mkono, bushi au shokabzoba gari liende kwenye mashine. Mwombe fundi aanze na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa ekseli ya nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi, na ya mbele hupangwa kuifuata. Usukani ufungwe ukiwa katikati kabla ya tairodi kuguswa. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, na uilinganishe pande mbili: kemba ya kushoto ikitofautiana na ya kulia kwa zaidi ya nusu digrii, gari litavutwa. Kwenye MacPherson nyingi kemba na kasta hazina mahali pa kurekebishia, kwa hiyo kipimo kilichotoka nje ya mipaka kinasema kwamba kuna kitu kilichopinda au kilichohama, nacho kitafutwe. Hiace na pikapu huwa na marekebisho hayo kwenye mikono yake.

Wanaoinua Probox kwa speisa, yaani vipande vya kuongeza kimo cha bodi, ili zimudu barabara za murram wanapaswa kupima alaimenti siku hiyohiyo, maana kupandisha bodi hubadilisha tou na kemba kwa pamoja.

Jaribio la barabarani

Lijaribu gari kwenye barabara iliyo sawa, isiyo na upepo mkali. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto na barabara zetu zimeinamishwa kuelekea ukingo ili maji yatoke, gari zuri huelekea kushoto kidogo sana ukiushika usukani kwa wepesi. Hilo si kosa. Likivuta kwa nguvu, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kisha ujaribu tena. Mvuto ukigeuka upande, tairi ndilo lenye kasoro. Usipogeuka, gusa ringi zote mbili kwa tahadhari baada ya safari fupi: iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayokwama, na hilo halitatibiwa na alaimenti. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukaza nati za magurudumu, na utazame kama alama za rangi ulizochora kwenye bolti za shokabzoba bado zimepangana.